Fumua

Yesenia aliandika orodha nyuma ya risiti ya vifungo:
kichakataji, ubao mama, vijiti viwili vya kumbukumbu,
diski, kasha, pawa,
na chini kabisa, imepigiwa mistari miwili, kadi ya michoro.
Jumla, reali elfu nne na mia sita.
Mimi fedha nazihesabu kwa mifuko ya koti.
Sikumwambia ni mifuko mingapi.

São Paulo, Jumamosi, mtaa wa Santa Ifigênia:
kila mlango duka, kila duka vibanda kumi,
na kila kibanda mtu anayeapa kwamba yeye ndiye rahisi.
Adelmo alituuliza tuna kiasi gani kabla hajatuuliza tunataka nini.
Mwanangu akataja.
Nikamfinya, nimechelewa.

"Hiki hakiingii kwenye ubao ule," Yesenia akasema,
"soketi ni za kampuni mbili zisizosalimiana."
Nikaelewa.
Uzi wa jinzi na sindano namba tisa:
hukatika huu, au huvunjika ile.

Vijiti vya kumbukumbu navyo vina pengo,
kama jino lililong'oka.
Kizazi cha nne pengo liko hapa,
kizazi cha tano liko pale,
tofauti yake ukucha,
na ukucha huo ukiulazimisha
umetupa mshahara wa wiki.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Hawakuwahi kununua pawa.
Adelmo alileta ya wati mia nne, nyepesi kama boksi tupu.
Yesenia akajumlisha kwa vidole: kadi inakula hivi,
kichakataji hivi, na lazima ibaki nafasi ya kupumua.
Nami nikakumbuka karakana ya Don Eusebio kule Brás,
cherehani tano kwenye soketi moja ya ukuta,
na ile harufu.
"Rudisha," nikasema.

Ndipo akaitoa kadi yenye feni tatu.
Ilimeta. Bei imeshuka, kwa leo tu.
Macho ya mwanangu yakawa na umri wa miaka sita.
"Itakaa kwenye kasha hili?"
"Itakaa, mama, bila shaka."

Futi ya kupimia haishuki shingoni mwangu,
hata kanisani.
Nikapima kasha kwa ndani: sentimita thelathini.
Nikapima kadi: thelathini na mbili na nusu.
Adelmo akaitazama futi, akaitazama kadi,
kisha akanitazama mimi
kana kwamba ndiye niliyeirefusha.

Tulichukua ya feni mbili, fupi, isiyo na mbwembwe.
Iliyobaki ikanunua pawa nzito,
na mikate miwili ya nyama, tukala tumesimama.

Usiku, juu ya meza ya kukatia,
Yesenia aligusa chuma kwanza, kama nilivyoona akigusa maji ya ubatizo,
akafunga skrubu moja moja, ulimi nje.
Mashine ikakataa. Kimya.
Akakibonyeza tena kijiti cha pili: ka!
Feni zikazunguka, akapiga kelele,
jirani akagonga ukuta.

Nami nikikunja kitambaa nikaliona:
bati dogo lenye matundu,
la kuziba mgongo wa kasha,
lile ambalo hutangulia kabla ya ubao, kabla ya vyote.
Yesenia akaketi sakafuni.
"Liko nyuma, mama. Nani ataliona?"

Miaka kumi na minne nashona bitana.
Nikawasha taa ya pili.
Nikampa bisibisi,
na lile neno ambalo karakana nzima hulichukia.