Krismasi, Chumbageni

Ijumaa tulikesha chini ya mabati ya Mchungaji Semboja,
spika mbili, kinanda, jenereta inayokohoa nje.
Dada Namkunda alinena kwa lugha hadi kilemba kikamdondoka.
Nikakiokota, nikakikung'uta vumbi,
nikakishika kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake.
Nilisema amina mara tatu
kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa ananitazama mdomo.

Jumamosi pilau la jana, flashi ya kuazima:
sinema ya Kikorea, na mtafsiri
anayepayuka juu ya sauti zao,
anapiga chafya, anawasalimia wateja wake wa Ngamiani.
Halafu yule mama akamwona mwanawe sokoni,
akamtambua kwa kovu la kidevuni,
nami nikalia. Kamasi, kwikwi, kila kitu.

"Unawalilia Wakorea," Namkunda akasema,
"jana Roho kapita, umemkazia macho kama mlinzi wa geti."

Kweli. Sikuwa na jibu.
Yule mtafsiri, na chafya zake,
angalau aliniambia nani kapotelewa na nani.

Tangu mimba ilipoharibika, mwezi wa tisa,
Namkunda hajatoa chozi nyumbani.
Anadeki. Anapanga vikombe. Anauliza kama chumvi imekolea.

Kelele za Semboja bado zinanichosha,
na ile bahasha ya sadaka inayopita mara ya pili.
Kesho mkesha wa mwaka mpya.
Nimenunua pini nne za kilemba,
nimezitia mfukoni.