Tafadhali

Maweni, nyuma ya kinu cha kusaga,
chumba kina ubao mmoja na viti vitano.
Jumwa, Mbeyu, Sadaka: andikeni.
Pasipoti zenu bado zanuka gundi.
Kile kijitabu cha wakala kiwekeni chini,
maneno yake ni ya uwanja wa ndege.
Mimi nitawapa ya jikoni.

Jina langu Haluwa, la nyanya yangu wa Ganda.
Mlangoni kule Nizwa wakaniuliza, "Ismish?"
Nikajibu, na watoto wakacheka hadi wakakaa chini,
wakakimbia kuleta bakuli la halua
wanionyeshe mimi ni nani.
Msikasirike. Mimi nilikasirika mwezi mzima,
na halua ile ilikuwa tamu.

Andikeni: saa.
Neno ni letu sote, hesabu si moja.
Bibi mwenye nyumba alisema, "Is-saa sitta,"
nami nikasikia saa sita,
nikalala kama mtu aliyekwisha kulipwa.
Aliponigongea, alfajiri imepita zamani
na wageni wamezunguka sinia tupu.
Saa yao huanzia usiku wa manane,
yetu huamka na jogoo.
Ongezeni sita, au toeni sita,
na mkiwa na shaka, amkeni tu.

Andikeni: kahawa.
Hapa Malindi kikombe kisichojaa ni uchoyo.
Kule ukikijaza, umemwambia mgeni: kunywa, uende.
Mimina ya kulowesha kitako,
birika mkono wa kushoto, kikombe wa kulia, na usiketi.
Akirudisha, mwongeze. Akirudisha, mwongeze.
Mpaka akitikise, hivi, kwa vidole viwili,
kama anayeamsha kifaranga.
Mimi sikuambiwa.
Shangazi mmoja wa Bahla akatikisa, nikamimina,
akatikisa, nikamimina.
Hakulala usiku ule.
Asubuhi akaniita, akanifundisha kwa kikombe kitupu.

Andikeni: tafadhali.
Hapa tulieni kidogo.
Kwetu neno hili ni la anayeomba,
huenda mbele likiwa limeinamisha kichwa.
Kule ni la anayetoa.
Anakuwekea sahani: "Tafaddali."
Anakupisha mlangoni: "Tafaddali."
Wiki ya kwanza nilidhani nyumba nzima inanisihi,
nikajipapasa nione nina nini cha kuwapa.

Mwezi wa kumi na moja simu ikaja.
Baba.
Nilijua kijiko, ufagio, mdalasini, pasi,
nilijua "inzein" na "bas" na "taali",
sikuwa na la kumwambia bibi mwenye nyumba
kwa nini nimeketi sakafuni na mchele haujaoshwa.
Nikasema la kwetu: kaburi.
Akafahamu.
Lilikuwa lao pia.
Mchele akauosha yeye.
Lakini pasipoti ilikuwa kabatini mwa bwana,
ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana,
bwana alikuwa Maskati,
na Baba akazikwa Ganda Jumamosi.
Hilo msiandike.

Nilirudi na masanduku mawili na ulimi uliozoea.
Asubuhi ya kwanza nikampikia Mama chai,
nikamwekea kikombe kwa mkono wa kulia,
na kabla sijajizuia:
"Tafadhali."
Akakitazama kikombe. Akanitazama.
"Chai yenyewe nusu," akasema,
"na juu yake waomba.
Waniomba nini?"

Nilikuwa nalo la kuomba.
Nikarudi jikoni,
nikakijaza hadi kikamwagikia sahani.

Haya. Mbeyu, soma ulichoandika.