Safu ya Penseli

Kakule, hata jina lako ni hesabu:
wa nne kati ya wavulana wangu.
Basi kaa hapa, funika hiyo simu,
tufungue kaye.

Vyumba saba, Majengo, juu ya jiwe jeusi.
Jiwe hili lilishuka likiwa uji wa moto,
likala nyumba ya kwanza, bati na kitanda,
likapoa. Tukalipiga nyundo,
tukajenga kwa kilekile kilichotubomoa.
Mtaji wetu ulianza hivyo. Usicheke.

Kushoto, kilichoingia.
Thelathini, thelathini, ishirini na tano
(cha pembeni, bati lake linavuja;
kwa bati bovu sitozi bei ya bati zima).
Kulia, kilichotoka.
Misumari. Mbao mbili. Kodi ya paseli,
na chai ya yule aliyekuja kuidai.

Na hii ya katikati, nyembamba, ya penseli,
ndiyo iliyokukunja uso jana usiku.

*Kavugho, miezi mitatu, sifuri.*
Mumewe alienda Masisi kununua maharage.
Alibaki na mimba na cherehani.
Nikasema moyoni: ukimtoa huyu
unatoa na cherehani.
Mwezi wa nne alilipa mwezi wa nne,
akashona na pazia za vyumba vyote saba.
Ile mitatu hakuilipa, sikuidai.
Miaka tisa hajahama. Haya, piga wewe:
chumba kitupu miezi miwili kila mwaka,
rangi mpya, komisioneri na mkono wake ulionyooshwa,
mara tisa.
Unaona? Umenyamaza.

*Robine ya ukutani, bure, kumi na moja hadi kumi na mbili.*
Najua bei ya bidoni, nimeibeba kichwani kabla hujazaliwa.
Lakini usiku ule wezi waliporuka kwa Sengi,
kwenye ukuta mrefu wa chupa zilizovunjwa,
hakuna aliyepiga sufuria.
Ukuta wangu unanifika kiunoni.
Wanawake ishirini wenye bidoni,
hao ndio chupa zangu.

Usidhani nahubiri.
Nilimsamehe Faustini miezi miwili,
akaondoka usiku na ufunguo, balbu, na kiti cha plastiki.
Niliandika: balbu. Niliandika: kiti.
Mjinga sikuandika, ingawa penseli ilisimama pale
kitambo.
Tangu siku hiyo nadai garanti kamili
kwa kila anayekuja na viatu vinavyong'aa
juu ya vumbi letu hili.

Mchungaji anasema mkono wa kushoto usijue.
Wangu unajua. Ndio unaoshika kaye
wakati wa kulia unaandika.

Kinachoninyima usingizi ni kingine.
Mlima unapowasha wekundu wake juu ya mabati
nami nimelala macho wazi, najiuliza:
kikirudi, bado ni sadaka?
Siku Kavugho alipoleta zile pazia
nilifurahi kwa ajili yake,
au kwa ajili ya madirisha?
Sijui, mwanangu.
Ndiyo maana si wino.

Sasa, hiyo bei yako mpya.
Chumba cha mbele pandisha, usiogope:
yule wa shirika ana gari na dereva,
na jana alilalamika maji ni baridi.
Cha Kavugho mwulize kwanza kazi inaendaje,
mwulize umekaa, si umesimama mlangoni.
Cha pembeni usikiguse
mpaka upande juu mwenyewe na nyundo na bati jipya,
uteremke mgongo ukiuma,
hapo utajua bei yake.

Penseli iko kwenye kopo la chumvi.
Imebaki fupi, inateleza vidoleni.
Nunua nyingine kesho pale Birere,
bishana bei kidogo,
halafu uiandike kulia,
kwa kilichotoka.