Mstari wa Usiku

Amri mpya ya mishahara ilifika mwezi wa tano,
kurasa mbili za Gazeti la Serikali, wino umefifia pembeni.
"Itundike, Nyaboke," Bwana Githaiga akaniambia,
"sheria inataka ionekane." Hakutaja kimo.
Nikapanda juu ya kreti ya soda
nikaibandika juu ya kabati la mafaili,
mahali ambapo hata twiga angeomba kiti.

Kisha nikarudi kwenye daftari langu.
Mwaka wa sita huu naandika mishahara ya bohari hii
ya Barabara ya Enterprise:
wapakiaji kumi na wanne, wote vibarua,
hata Odera, aliyetukuta sote hapa,
ambaye kila Ijumaa karatasi humwachisha kazi
na Jumatatu humwajiri upya.
Ekai, anayelinda lango jua likishazama,
daftarini ni mtunza bustani.
Hatuna bustani.
Tuna mbarika mmoja, ulioota wenyewe kando ya mtaro.

Alfajiri moja nikamkuta juu ya ile kreti,
tochi mdomoni, kidole ukutani,
kama mtu anayetafuta jina la mwanawe
kwenye orodha ya waliofaulu.
Akaitoa tochi. "Karani, bustani ina mstari wake,
na usiku una mstari wake.
Kati ya huu na huu kuna unga,
kuna karo ya Nakiru, kuna deni la dukani.
Mimi nakesha mstari upi?"

Nikajibu ninavyojibu siku zote: nitamuuliza mkubwa.
Hakubisha. Akashusha mwanga vidole viwili,
ukatua juu ya neno moja. Karani.
"Na wako huu hapa. Sikuwa nauchungulia,
nilikuwa napita tu."

Sikuwahi kuutafuta.
Mkono uliowapunja wenzangu
ulinipunja na mimi, nami nikautilia sahihi
kwa wino wa buluu, kila tarehe thelathini,
nikasema ahsante.

Kreti sijaiondoa.
Leo mchana amepanda Odera, miwani imefungwa uzi,
na nyuma yake kuna foleni.
Bwana Githaiga anauliza kelele ni za nini.
Nimefungua ukurasa wa Juni.
Kwenye safu ya kazi, mkabala na Ekai,
nimeandika: Bawabu wa
na kalamu imesimama hapo,
inasikiliza viatu vyake vikija.