Mkoromo

Dundee, Februari. Ukuta baina yetu mwembamba
kama ganda la kitunguu. Namjua Innes Petrie
kwa kikohozi, kwa birika lake la chai,
kwa redio anayoizima timu yake ikifungwa.

Usiku ule alikoroma.
Si ule mkoromo wa kila siku, wa msumeno.
Huu ulikuwa mzito, una maji ndani,
ukivutwa, ukikatika, ukisahau kurudi,
ukirudi.
Nami zamu yangu ya dobi hospitalini
huanza saa kumi na moja alfajiri.
Nikagonga ukuta kwa kisigino cha kiatu.
Mara mbili.

Kukawa kimya.
Nikasema, Alhamdulillahi.

Neno hilo nalitafuna hadi leo.

Wahenga walisema usingizi nduguye mauti.
Hawakusema yupi kati yao mkubwa,
wala kwamba mdogo huweza kumwachia mwenzake mlango wazi
kwa vidonge vya kulala na bilauri ya wiski.

Kimya cha mtu aliyelala kina viraka:
godoro hulia, koo humeza, mguu hutafuta blanketi.
Kile kilikuwa kitambaa kizima.
Nikatoka pekupeku.

Midomo yake rangi ya zambarau.
Simuni sauti ya mwanamke, ya Kiskoti, tulivu:
"Anapumua?"
"Alikuwa anapumua," nikasema. "Nimemnyamazisha."
"Mikono katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu. Hesabu nikusikie."
Nikahesabu kwa lugha iliyonijia,
moja, mbili, tatu, hadi thelathini, na tena moja,
mbavu zikilia chini ya viganja
kama kitanda cha kamba,
naye yule mwanamke, asiyejua hata neno,
akahesabu nami.

Saa tisa na dakika kumi
kijana wa ambulensi, madoadoa tele usoni,
aliitaja saa kwa sauti, kisha akaitaja tena
ili mwenzake aiandike.

Daktari alinieleza ukumbini, mimi na kapu langu la mashuka.
Moyo wake haukuwa na ila, alisema.
Dawa iliubembeleza ubongo, ubongo ukasahau
kuyaambia mapafu: vuta.
Moyo ukabaki unapiga peke yake,
mpishi anayekoroga sufuria juu ya jiko lililozimika,
mpaka mkono ukamlegea.
"Na ule mkoromo?" nikauliza.
Akatazama karatasi zake.
"Huo ndio uliokuwa unaita."

Sasa amehamia mwanafunzi, Struan, mrefu kama mlingoti.
Naye hukoroma.
Saa nane usiku nikagonga. Si ukuta, mlango.
Akafungua nywele timtim, amenuna:
"Nakupigia kelele?"
"Hapana," nikamwambia. "Endelea."

Akanitazama miguu, niko pekupeku kwenye saruji baridi,
akafunga taratibu.
Nikasimama pale pale
hadi nikausikia.