Hodhi la Nyumba ya Reli, Tororo

Mbunifu Akoth hakuanza na ukuta.
Alimketisha baba kwenye stuli,
akamwambia anyooshe mkono kama anayetafuta sabuni,
na pale kidole kilipokoma akatia alama ya penseli.
"Chuma cha kushikilia kitakaa hapa."

Mimi nilikuwa nimeleta picha za marumaru,
bei zake nazijua kwa moyo.

Hodhi lilikuwa na miguu minne, kama mnyama aliyechoka kungoja.
Tangu bomba likauke hakuna aliyeliogea.
Tulitilia maji ya akiba,
mwaka mmoja mahindi,
na usiku mmoja wa bunduki
mdogo wangu Owor, amefunikwa mkeka,
ameambiwa asikohoe.

Wandera akashusha nyundo.
Vigae vilidondoka kirahisi, vyeupe, kama meno ya utotoni;
saruji ya nyuma yake ikagoma mpaka saa tisa.

Kisha hodhi likakataa mlango.
Liliingiaje? Baba akacheka:
"Lilitangulia. Mlango ulikuja baadaye."

Akoth akafuta, akachora tena:
kizingiti king'oke,
sakafu iteremke kidogo, maji yajiendee yenyewe,
mlango upanuliwe.
Leo ni wa mtu na mkongojo wake.
La kesho hakulitaja, ila aliongeza inchi sita.

Hodhi sasa liko uani, linakinga mvua ya paa.

Na mimi nimesimama koridoni na taulo.
Maji yanasikika. Baba anapiga mluzi.
Sijaitwa.