Kiti cha Watu Watano

Machi waliondoka akina Gunesch.
Aprili akina Depner; ng'ombe wao akawasindikiza
mpaka stesheni, akarudi peke yake.
Ilipofika Mei nilizijua nyumba kwa ukimya wake:
huu ni ukimya wa fundi viatu,
ule wenye dirisha linalogongagonga
ni wa mwalimu wa kinanda.

Miaka mia nane, alisema mchungaji madhabahuni,
sentensi ikamshinda kuimaliza.
Jumapili iliyofuata naye hakuwepo.

Enzi za Chama tuliuzwa kwa vichwa:
Ujerumani inatoa marki, Bukaresti inatoa pasipoti,
na jirani akikuuliza bei yako, unacheka.
Sasa mpaka uko wazi, hakuna anayetununua,
na ndipo tulipokwisha.

Kaka yangu Thiess alipigilia sanduku misumari,
akaandika NÜRNBERG kwa rangi ya chokaa,
lori likinguruma uani.
Nilikuwa nakanda unga.
Sikusema siendi. Nilisema,
mkate umeshaumuka, Thiess, nitauachaje?

Kisha akaja kijana kutoka Sibiu,
koti limemzidi mabega, karatasi kwapani.
"Bibi Sara, sheria mpya inasema
kila kabila dogo, hata kura zisipotosha,
litapewa kiti kimoja bungeni."
Alilitamka neno *kiti*
kama mtu anayetua yai mezani.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Sisi hatupo, na letu lipo.

Nikampeleka kwenye mnara wa kanisa
ambako kila nyumba ilitundika nyama yake ya nguruwe,
kila kipande na muhuri, kila muhuri na msumari.
Mafuta ya karne bado yanang'aa kwenye boriti.
Hesabu misumari, nikamwambia,
hilo ndilo daftari letu la wapiga kura.
Akahesabu kweli, maskini. Akafika mia na kumi,
akavua kofia.

Rafira ameingia nyumba ya akina Depner
na mapazia mekundu na wajukuu wasiohesabika.
Alinisemesha juu ya ua:
"Ninyi watano, kiti kimoja.
Sisi tumejaa bonde hili hadi ng'ambo ya mto,
na sisi kiti kimoja.
Nikuazime watu thelathini, bibi,
nawe uniazime hesabu yenu?"
Tulicheka mpaka mbwa wakabweka.
Halafu akaacha kucheka:
jina la mumewe halimo daftarini.
*Hana anwani*, wameandika,
mtu aliyezaliwa pale kwenye tanuri la matofali,
naye analiwasha hadi leo.

Siku ya kura shule ilipungukiwa viti.
Nikatoa cha Thiess, chenye maua ya tulipu
na mwaka 1911 mgongoni.
Karani akakikalia kutwa, jitu zito.
Tulifika sote: mimi; Misch kiziwi;
mapacha wa Theil wasiosemezana tangu vita,
kila mmoja na upande wake wa barabara;
na ajuza Agnetha, kwa toroli,
amevaa skafu ya harusi.
Kura tano. Zilivyoanguka sandukuni
hazikutoa hata sauti.

Barua ya Thiess ilikuja baada ya mavuno.
Huku wanatuita Waromania, ameandika.
Tunalala ukumbi wa michezo, pazia kati ya familia na familia.
Kiti hatuna. Tuna namba ya foleni.
Mkate wao ni mwepesi kama sifongo.

Kiti chake nacho kilirudi,
mguu mmoja umelegea,
na juu ya tulipu, kwa wino wa zambarau,
muhuri: KURA IMEPIGWA.
Nimeusugua kwa majivu. Hautoki.

Jana mjukuu wa Rafira alikipanda
kuifikia chupa ya jamu ya plamu.
"Hiki cha nani?" akauliza, mdomo umejaa.
Sikumjibu upesi.
Egemea ukutani, nikamwambia,
mguu wa kushoto haujakaza.